Bi Mkubwa Anapoacha Kula

Fundi aliogopa nyoka tangu utotoni na hakuona sababu ya kulificha hilo. Kazi yake ilikuwa friji. Alikuwa na karakana ndogo nyuma ya kituo cha mafuta, na vidole vyake vilizoea mabomba ya shaba, gesi na baridi. Mwenye wazimu wa nyoka alikuwa kaka yake mkubwa, ambaye alijenga bustani nzima ya nyoka pembeni mwa mji: mabanda ya matofali yenye vioo mbele, njia ya kokoto katikati, na kibanda getini ambamo mke wake aliuza tiketi huku akitaniana na wageni. Watoto wa shule walimwita Mama Tiketi, na jina likamganda. Fundi alifika huko kutengeneza umeme tu, tena kwa masharti: kila banda lifungwe kufuli, na kaka yake asimletee mzaha.

"Unaogopa kitu kisicho na hata mikono?" kaka yake alikuwa akimcheka.

"Ndiyo maana nakiogopa. Hakina mikono, halafu kinashika."

Kisha kaka mtu akaugua. Ugonjwa haukumpa nafasi ya kupanga mambo yake, akafariki. Shughuli za msiba zilipokwisha na ndugu kurudi makwao, Mama Tiketi alimwendea Fundi karakanani. Alisimama mlangoni, kati ya majokofu mawili yaliyofunguliwa matumbo.

"Shemeji," alisema, "funguo za mabanda ninazo. Moyo wa kuyafungua ndio sina."

Fundi aliweka bisibisi chini, akafuta mikono, akamfuata. Alidhani atasaidia kwa muda mfupi mpaka apatikane mtu wa kazi. Watu wa kazi walikuja kweli. Mmoja alifanya kazi mpaka saa ya chai akaaga. Mwingine hakuaga. Mwishowe Fundi akahamishia vifaa vyake kwenye stoo ya bustani, akawa anatengeneza friji asubuhi na kuogopa nyoka mchana.

Mwenye bustani hasa, kwa maana ya yule aliyewaleta watu, alikuwa chatu jike aliyeitwa Bi Mkubwa. Kaka mtu alimpokea akiwa na urefu wa rula ya shule, kutoka kwa wachimba mtaro waliokuwa wamemfukua kwa beleshi. Sasa mwili wake ulikuwa mnene kama paja la mtu mzima, na aliponyooka banda lilionekana dogo. Banda lake lilifunguka kwenye uwanja mdogo wenye ukuta, apate jua. Jirani yake, nyuma ya mlango wa bati, aliishi dume aliyeitwa Kamba, ambaye zamani alikuwa mwembamba, lakini jina lilikuwa limeshapitwa na wakati.

Kila Jumapili Bi Mkubwa alilishwa mbele ya watu. Utaratibu huo aliuanzisha marehemu. Wageni walibanana mbele ya kioo, watoto wakabebwa mabegani, na Mama Tiketi akafunga kibanda chake ili aje kusimama pembeni ya mumewe. Sungura aliyekwisha kuuawa na kupashwa joto kwenye maji ya moto aliingizwa kwa koleo refu la kubania. Chatu aliinua kichwa, ulimi ukipapasa hewa, na ghafla sungura akawa ameshazungukwa. Hakuna aliyewahi kuiona ile ghafla yenyewe. Watu walipiga kelele, wakacheka kelele zao wenyewe, kisha wakanyamaza wakimtazama anavyofungua taya na kumeza polepole, kana kwamba anavaa soksi.

Mumewe alipofariki, Mama Tiketi aliendeleza Jumapili. Koleo alilishika yeye mwenyewe, kupitia kidirisha. Mwaka mzima, masika na kiangazi, joto na baridi, Bi Mkubwa hakukosa mlo.

Na kila mwaka alitaga mayai viza. Yalitoka madogo, ya manjano, magumu kama vipande vya sabuni vilivyosahauliwa juani. Fundi aliyakusanya kwa beleshi na kuyazika nyuma ya stoo. Bi Mkubwa alizunguka pembe alikotagia, sasa tupu, akipapasa sakafu kwa ulimi, kisha akaenda kulala. Mara ya kwanza Fundi aliona ni jambo la kawaida. Mara ya pili alijikuta amesimama na beleshi mkononi, ameshindwa kuondoka.

Ndipo alipomwita daktari wa wanyama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyetibu zaidi ng'ombe na mbwa lakini alikuwa amesomea nyoka na kuwapenda. Alikuja na mashine ndogo ya kupiga picha za ndani. Walimshika Bi Mkubwa watu wanne, Fundi akiwa mkiani, macho ameyafumba. Daktari alipitisha kidole cha mashine tumboni, akatazama kioo cha mashine, akaguna.

"Huyu mmemlisha."

"Tunamlisha vizuri sana," Mama Tiketi alijibu kwa fahari.

"Ndiyo ninavyosema. Angalia hapa. Hii yote nyeupe ni mafuta. Yamejaa mpaka yamebana vifuko vya mayai." Aliinua macho. "Mnampa kila lini?"

"Kila Jumapili."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, Daktari. Hajawahi kulala na njaa hata wiki moja."

Daktari aliifuta mashine yake taratibu, kama mtu anayetafuta maneno yasiyoumiza. "Chatu wa porini hana Jumapili," alisema. "Ana msimu wa kula sana na msimu wa kutokula kabisa. Mwili wake unaisoma ile tofauti. Joto likiwepo na mawindo yakiwepo, anajijaza. Baridi ikija, anafunga mdomo, na kile alichokiweka akiba ndicho kinachogeuka mayai. Huyu kwake mwaka mzima ni karamu moja. Atajuaje kwamba wakati wa kuzaa umefika?" Akageuka kumtazama dume kupitia kidirisha. "Na huyo bwana naye shibe imemfanya gogo."

Daktari alipoondoka, wale wawili walibaki kwenye njia ya kokoto.

"Kumnyima chakula ndiyo dawa ya uzazi?" Mama Tiketi aliuliza. "Mimi nimezaa, shemeji. Nilikula mpaka udongo wa kuta nikautamani."

"Wewe si chatu."

"Asante kwa kunijulisha."

"Shemeji, umesikia mwenyewe alichosema."

"Nimesikia. Na wageni waje kuangalia nini? Mnyama aliyelala?" Alilichukua koleo lililokuwa limeegemezwa bandani, akaligeuza mikononi mwake. Mpini ulikuwa umefungwa utepe mweusi, alioufunga marehemu kwa mkono wake. "Mimi nikishika hili, upande wangu huu hapa, nasikia kama yuko," alisema. "Siku nyingine zote najua kwamba hayupo. Jumapili ndiyo siku pekee nasahau kidogo. Sasa unataka kunichukulia hata hiyo?"

 Fundi aliondoka akaenda kutengeneza friji ambalo halikuwa na haraka.

Lakini baada ya muda Mama Tiketi mwenyewe ndiye aliyemletea koleo stooni. Alikuwa ameyaona yale mayai viza kabla Fundi hajayazika. "Fanyeni mnavyojua," alisema.

Tatizo ni kwamba hawakujua. Fundi, kwa pupa ya mtu aliyepewa ruhusa, alikata chakula papo hapo, katikati ya msimu wa joto, wakati ambao chatu alipaswa kuwa anaweka akiba. Bi Mkubwa alikwenda kwenye kioo kila mchana, ulimi ukitoka na kurudi, akimtazama kila apitaye. Fundi alijikaza. Baridi ilipoingia, uti wa mgongo wa Bi Mkubwa ulikuwa umejitokeza kama paa la nyumba. Kamba alipofunguliwa mlango wa bati, alimfuata jike kidogo, akakata tamaa. Mwaka huo Bi Mkubwa hakutaga hata yai viza.

"Nilisema mbadilishe," Daktari alimwambia Fundi. "Sikusema mkate. Mafuta yakizidi hazai, na yakikosekana hazai pia. Utengeneze mayai kwa kitu gani kama ghala ni tupu?"

"Nilisema mimi," Mama Tiketi alidakia. "Mama mwenye njaa atazaa nini?"

"Na hapo ulikuwa sahihi," Daktari alisema. "Kosa ni wakati tu."

Fundi aliona aibu. Jioni ile alivuta ndoo, akaipindua, akakaa mbele ya kioo cha Bi Mkubwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kazi. Alimtazama yule mnyama aliyekonda kwa sababu ya uamuzi wake, na kwa mara ya kwanza woga wake ulichanganyika na kitu kingine. Alitaka kumwomba radhi, ila hakujua nyoka wanaombwaje radhi.

Mvua zilipoanza na joto kurudi, walianza upya, safari hii wote watatu. Bi Mkubwa alilishwa milo mikubwa, lakini si kwa kalenda. Fundi alijifunza kusubiri dalili. Baada ya mlo chatu alijificha, tumbo limetuna, hatoki. Kisha tumbo lilishuka, akajisaidia, akalala tena. Na siku moja, bila mtu kumwita, alitoka mwenyewe kwenye maficho, akaja mpaka kiooni na kuanza kupapasa hewa. Hapo ndipo alipopewa. "Asipouliza hatumpi," Fundi alisema, na Mama Tiketi akaanza kuwarudishia wageni maneno hayohayo. Aliwaambia watoto kwamba Bi Mkubwa si mtu wa kulazimishwa meza. Jumapili akawa anawatolea gamba kuukuu alilojivua chatu walishike, jepesi kama karatasi, lenye alama ya kila jicho, na watoto walipiga kelele zilezile.

Uti wa mgongo ulizama. Ubavu ukajaa. Magamba yakapata mng'ao wa mafuta ya kupaka. Kisha jua lilipoanza kupungua makali, milo ilipunguzwa ukubwa, ikaachana zaidi, mpaka asubuhi ya kwanza ambayo pumzi za watu zilionekana hewani. Hapo Fundi aliosha koleo na kulitundika ukutani.

Mama Tiketi alivumilia. Alivumilia kwa kusema kila asubuhi kwamba anavumilia. Kisha asubuhi moja ya baridi Fundi alifika akakuta kibanda cha tiketi hakina mtu. Alimkuta shemeji yake amekaa juu ya ndoo mbele ya kioo cha Bi Mkubwa, mikono mdomoni, machozi yakimtoka, na haikujulikana mara moja kama analia au anacheka.

"Usinigombeze," alisema bila kugeuka. "Njoo uone kwanza."

Ndani ya banda, juu ya mikunjo ya Bi Mkubwa, alikuwa amekaa sungura. Sungura mzima, hai, mweupe, akijisafisha uso kwa mikono miwili.

"Shemeji! Umemwingiza akiwa hai? Sungura akimng'ata je?"

"Sikuwa na moyo wa kumuua. Zamani marehemu ndiye aliyewaua, siku hizi wewe. Nikasema, huyu mama amekaa baridi yote hii bila kitu, ngoja nimpe hata mmoja, Fundi hatajua." Alijifuta pua kwa ncha ya khanga. "Amekaa naye tangu nifungue geti. Amempitishia ulimi, kichwa hadi mkia. Nikafumba macho. Nilipofumbua, amegeuza kichwa, amelala. Sungura akaona pana joto, akapanda."

Fundi alisogea karibu na kioo. Bi Mkubwa alikuwa macho. Nyoka hawana kope, lakini mtu aliyewazoea anajua. Kichwa chake kilikuwa kimetulia juu ya mkunjo wa juu kabisa, karibu na sikio la sungura, na hakikufanya chochote.

"Mimi nilidhani sisi ndio tunaomnyima," Mama Tiketi alisema polepole. "Kumbe chakula kimekaa juu yake na hakitaki. Nani kamwambia asile? Mimi hapa nikikosa chai saa nne nasikia kizunguzungu. Nani kamwambia?"

 Nywele za mikono ya Fundi zilikuwa zimesimama, na haikuwa kwa sababu ya woga.

Hata hivyo sungura alipaswa kutolewa, na koleo lingemtia kiwewe akaanza kurusha mateke na meno. Fundi alifungua kufuli. Alivua viatu, bila kujua kwa nini, akaingia.  Alinyata mpaka kwenye ile mikunjo, akainama, akamshika sungura kwa mikono miwili, na alipokuwa akimnyanyua, upande wa kiganja chake ukalala juu ya mwili wa chatu. Alitarajia utelezi. Alikuta ngozi kavu, laini, nzito, na chini yake, mbali sana, kitu kikitembea polepole kama maji ndani ya bomba nene. Alikuwa anapumua. Fundi alisahau kuuondoa mkono.

"Shemeji," Mama Tiketi alinong'ona nje. "Shemeji, toka."

Alitoka. Alifunga kufuli, akakaa chini sakafuni na sungura mapajani. Tangu siku hiyo sungura yule aliishi kwenye kibanda cha tiketi na kuwanyang'anya wageni karanga.

Walipofungua mlango wa bati safari hii, Kamba alikuwa mwingine. Naye alikuwa amelishwa kwa msimu na kuachwa kwa msimu, na kiuno chake kilikuwa kimerudi kwenye jina lake. Alipitia sakafu yote kwa ulimi, akipita palepale alipopita jike, mpaka akamfikia. Kisha alimpanda mgongoni kwa urefu wake wote, akaanza kumkuna kwa vile vikucha viwili vidogo ambavyo chatu dume anavyo karibu na mkia. Sauti yake ilikuwa kama kucha juu ya kitambaa kigumu. Mama Tiketi alitazama kidogo, akaona haya, akaenda kuleta pazia la chumbani kwake na kuliangika juu ya kioo. Juu ya pazia akabandika karatasi: BI MKUBWA HAPOKEI WAGENI.

Baada ya hapo mambo yalianza kubadilika moja baada ya jingine, na Fundi hakutaka kukosa hata moja. Karakana ilibaki imefungwa. Kamba alirudishwa kwake, na katikati ya mwili wa Bi Mkubwa ukatokea uvimbe mpana kana kwamba amemeza mlo mkubwa, ingawa hakuwa ameonja kitu. Rangi yake ikaanza kuingia giza. Yale madoa ya kahawia na ya njano yakafifia mpaka akawa karibu mweusi.

"Anaumwa?" Fundi alimuuliza Daktari kwa simu, sauti imempanda.

"Amevaa nguo nyeusi ili apate jua zaidi," Daktari alijibu. Fundi alisikia kwamba alikuwa anatabasamu.

Siku zenye jua Bi Mkubwa alitoka uwanjani, akajilaza ubavu, na wakati mwingine akageuka kabisa akaliweka tumbo juu, jeupe, likielekea angani. Daktari alikuja na mashine yake. Safari hii Fundi ndiye aliyeshika upande wa kichwa, macho wazi. Kwenye kioo cha mashine hapakuwa na ule weupe uliotapakaa. Palikuwa na duara, na jingine, na jingine, yamepangana kama shanga kwenye uzi, kila mahali ambapo kidole cha mashine kilipita.

Mama Tiketi alishika ukuta. "Yote hayo? Na hajala?"

"Amekula," Daktari alisema. "Alikula wakati wake."

Bi Mkubwa alitaga mchana, jua likiwa kali na bustani imefungwa. Fundi alikuwa amemjengea chumba kidogo cha matofali pembeni mwa uwanja, chenye mlango mwembamba na kidirisha cha kuchungulia. Watatu hao walipokezana kwenye kidirisha wakisukumana kama watoto. Mwili mweusi ulikuwa ukibana na kulegea, ukibana na kulegea, na kila mara yai lilitoka likiwa jeupe, laini, kubwa kuliko la bata bukini, likaegemea mwenzake na kugandana naye. Fundi alianza kuhesabu, akaacha. Alipomaliza, Bi Mkubwa alilizunguka lile fungu lote, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka hapakuonekana yai, akaweka kichwa juu kabisa.

Fundi alikuwa ameshaandaa mashine ya kutotolea. Aliitengeneza kwa friji bovu, akaweka taa, feni na kidhibiti joto, na aliipitishia kitambaa kila asubuhi kwa kujivunia. Daktari alisimama mlangoni pa kile chumba kwa muda mrefu, glavu zikiwa mkononi, akiwatazama mama na mayai yake. Kisha akazirudisha glavu mfukoni.

"Siwezi," alisema. "Tumwachie mwenyewe."

"Na mashine yangu?"

"Itafaa kuumulia unga."

Hivyo wakamwachia, na kilichofuata ndicho ambacho Fundi aliwasimulia watu kwa miaka. Bi Mkubwa hakula. Alikuwa ameacha kula tangu baridi, akapandwa, akatengeneza mayai yote yale, akayataga, na bado hakula. Jua lilipopanda alijikunjua, akatoka, akajilaza uwanjani, mweusi tii, mpaka mtu ukimsogelea ungehisi joto linampanda. Kisha akarudi ndani na kuyafunika mayai tena. Fundi alikuwa amening'iniza kipimajoto kule ndani. Alikiona kwa macho yake: mama akiwa nje sindano ilishuka, mama akirudi ilianza kupanda, polepole, bila taa, bila waya, bila feni.

Alikaa kwenye ndoo yake akafikiri juu ya kazi ya maisha yake. Miaka yote alikuwa akilichukua joto lililomo ndani ya sanduku na kulitupa nje. Huyu alilichota nje, akalibeba kwa mwili wake, akalipeleka ndani. Hakuwa na mikono, na alilibeba.

"Unawaza nini?" Mama Tiketi alimuuliza. Alikuwa ameleta kiti chake cha kibandani.

"Nawaza kaka hakuyaona haya."

"Hakuyaona," alisema. Akakaa. "Alimpenda, akamlisha kila alipoweza. Angejua, angengoja kama sisi." Alijipepea na kitabu cha tiketi. "Na angetuchosha kwa maneno. Mpaka usiku angekuwa anaongea."

Walicheka wote wawili, kwa sauti ya chini, ili wasimsumbue aliye ndani.

Mayai yalianza kupasuka asubuhi moja ya joto. Kwanza mkato mdogo, kama wa wembe. Kisha pua. Pua ilikaa hapo, ikivuta hewa ya dunia, haina haraka. Kufika mchana fungu lote lilikuwa na pua. Mama Tiketi alikuwa amepiga magoti kwenye kidirisha.

Fundi alikuwa ameambiwa kwamba watoto wa nyoka wakishatoka hutawanyika, kila mmoja na njia yake. Hawa hawakutawanyika. Asubuhi walitoka mlangoni, wamepangana juani kama mikanda dukani, madoa yao yaking'aa mapya. Fundi alijua walipo wote hata bila kuwatazama. Alasiri moja wingu zito lilipita, upepo ukageuka baridi, na tone la kwanza la mvua likapiga bati. Watoto wale walinyanyua vichwa. Kisha wakaanza kurudi, mmoja nyuma ya mwingine, wakipita kwenye mlango mwembamba, wakipanda juu ya mama yao, wakijipenyeza kwenye mikunjo yake, mpaka wakapotea wote ndani yake. Bi Mkubwa alisogeza mkunjo mmoja, kidogo tu, ili wa mwisho apate nafasi.

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kweli. Fundi na Mama Tiketi walilowa wakiwa wamesimama pale pale, na hakuna aliyemwambia mwenziwe wakimbilie barazani.

Watoto walipojivua gamba la kwanza, walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda pembe za uwanja, na hawakurudi tena ndani. Maofisa wa wanyamapori walikuja na masanduku yenye matundu, wakawachukua kuwapeleka kwenye msitu wa hifadhi. Wachache walibaki bustanini. Daktari alipita kuwaaga, akaandika alichoandika, akamshika Fundi bega, akaenda zake.

Siku ile alasiri Bi Mkubwa alitoka kwenye kile chumba kwa mara ya mwisho. Weusi ulikuwa umeanza kumtoka, na chini yake madoa ya zamani yalikuwa yanarudi. Alikuwa amekonda, ngozi imemlegea ubavuni. Alipita katikati ya uwanja bila kugeuka nyuma, akafika kwenye beseni la saruji, akatumbukiza mdomo majini na kuanza kunywa. Koo lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka. Fundi alikuwa amesimama mle mle uwanjani, miguu mitupu, hatua chache tu kutoka kichwani pake, na Mama Tiketi yuko mlangoni.

"Mwache anywe," Mama Tiketi alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemgusa.

Alikunywa muda mrefu sana.